Mifuko ya Koti

Koti lake tuliliacha mwisho.
Masufuria yalishapata wenyewe, majembe, redio,
hata yule ng'ombe mwenye pembe moja.
Koti likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango,
zito, la kijani kilichochoka,
alilolinunua mnadani Tukuyu mwaka aliokosa udiwani
kwa kura kumi na moja.

"Kumi na moja," alizoea kusema, "nawajua wote kwa majina,
na wawili ni wa ukoo."

Tusekile Mwakagile. Kabla ya hapo karani wa mizani
kwenye kituo cha majani mabichi ya chai,
mwanamke aliyekataa kuinua sahani kwa goti
ili kilo za mkulima zipungue.
Kwa hilo alifukuzwa kazi. Kwa hilo alichaguliwa,
mara ya pili, mvua ikivuja hadi kwenye sanduku la kura.

Sasa mifuko.
Mdogo wangu alishika koti, mimi nikachota karatasi
kama anayetoa matumbo ya kuku.
Kulia: Mto Mbaka umekula shamba langu.
Kulia tena: mheshimiwa, mganga wa zahanati analewa.
Kushoto: naomba ada, mtoto amefaulu,
baba yake hayupo, yaani yupo lakini hayupo.
Ndani, penye zipu: mabati thelathini. Jeneza. Mabati.
Na nyuma ya risiti ya soda, kwa penseli: tukumbuke.
Basi. Bila jina. Tukumbuke nani?

Walizitumbukiza walipomwamkia.
Hivyo ndivyo alivyosalimiwa miaka ishirini:
mkono mmoja ugonile, mkono wa pili mfukoni mwake.

Alikwenda nalo Dodoma, kwenye jua lile.
Akauliza bei ya jani bichi. Akajibiwa: mchakato unaendelea.
Aliporudi, bibi akataka atafsiriwe hilo neno.
Mama akafikiri, maharage yakichemka, yakikaukia maji,
akasema kwa Kinyakyusa: ni mvua ya ng'ambo ya mlima, mama.
Unaisikia. Hulowi.

Kipindi kilichofuata kura za maoni zikampita kando.
Wajumbe walikuwa wameshakula mahali pengine.
Alishuka basi saa tisa usiku, akalala na viatu,
asubuhi nikamkuta kwenye migomba anapogoa
kwa hasira ndogondogo, jani kwa jani.
Sikumwuliza kitu. Nilikuwa na yangu:
mahafali yangu hakuja, alikuwa na kikao cha choo cha soko.
Choo kile kipo. Nikipita naingia hata nisipobanwa.

Siku ya tatu ya matanga akaja mwanamke kutoka Mwakaleli,
kitenge kimepauka, mwavuli wa kiume.
Akasema ndaga, akasema poleni, akakataa kiti.
"Nimefuata karatasi yangu."

Ipi?

"Ya ada. Mwanangu sasa ni daktari pale Makandana.
Sitaki iokotwe."

Tukapekua sakafuni, watatu, kwa magoti,
tukaipata: mwandiko wa kulalia upande, doa la mafuta,
na pembeni wino wa mama,
nimetoa nusu. Nusu bado.

Aliisoma amesimama, midomo ikitembea.
"Aliimalizia," akasema. "Alikuja kwa miguu, usiku, daraja lilikuwa limekwenda.
Basi tu hakuandika."
Akaikunja ndogo, akaikunja ndogo zaidi,
akaitia pale wanawake wanapotia hela,
akafungua mwavuli kabla hajatoka mlangoni.

Zimebaki karatasi mia na kumi na nne.
Mdogo wangu anasema tuchome, ni siri za watu.
Nimezirudisha kila moja mfuko wake,
nadhani, maana kulia na kushoto nilishachanganya.
Koti liko kwenye msumari.
Mlango sijaukomea, huenda yupo mwingine njiani
anayekuja kujidai.